Maziwa Yenye Harufu ya Kambare

Tsss. Kisha kimya. Kisha tena: tsss.

Nilikuwa nimelala kando ya meko katika nyumba ya mkwe wangu Torgas, na alfajiri ilikuwa bado. Sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha. Lilikuwa tone linaangukia jivu lenye moto. Kwanza nilidhani ni mvua inapenya matete ya paa, lakini nje kulikuwa kimya. Nikanyoosha mkono, nikagusa jivu, nikanusa vidole. Maziwa. Na nyuma ya maziwa ilikuwapo harufu nyingine, nzito, iliyonifanya nikunje uso peke yangu gizani.

Juu ya meko kilining'inia chungu cha maziwa, kwa kamba iliyopita katika masikio yake manne. Kilikuwa kinavuja.

Sasa, chungu cha binti yangu Aruni hakivuji. Nilikijua kama ninavyoujua uso wake, Aruni ambaye amelala nyuma ya nyumba hiyo chini ya udongo. Tulikifinyanga pamoja mwaka alioolewa, na tukakiziba pamoja. Udongo wetu tunauchanganya na makapi ya ngano na mavi ya ng'ombe ili usipasuke motoni, na makapi yakiungua huacha vitundu vidogo visivyoonekana. Kwa hiyo chungu kipya hutoka jasho kama mgonjwa wa homa. Unakichemshia maziwa polepole, mara tatu, mpaka maziwa yenyewe yazibe vitundu, na tangu siku hiyo ni chungu cha maziwa mpaka kinavunjwa. Cha nyama ni cha nyama, cha uji ni cha uji. Anayechanganya ataonja alichochanganya, maana chungu hakisahau. Cha Aruni kilikuwa na miaka mitatu ya maziwa ndani yake. Ungekijaza asubuhi, jioni ungekuta mgongo wake mkavu kama jiwe.

Nilikaa pale gizani nikisikiliza tsss, tsss, na moyo ukaanza kuniuma kabla sijajua kwa nini.

Nilikuwa nimefika jana yake jioni. Aruni alifariki wakati barafu ya mto inapasuka, akamwacha Ketu bado ananyonya. Haukupita mwezi wa pili Torgas akaleta mwanamke mwingine, binti wa watu wa kinamasi, anayeitwa Vensi. Udongo wa kaburi ulikuwa haujashuka. Nilinyamaza. Mtoto anahitaji mikono, nikasema moyoni, na mbuzi wa Torgas wanatoa maziwa. Lakini ngano ilipoanza kuiva, mbeba chumvi alipita kwetu na mtumbwi wake akanitazama kwa huruma. "Bibi, yule mjukuu wako anatapika kila siku. Amebaki macho." Hakuniacha nimbembeleze. Aliondoa mizigo yake ya mbele, akatandika ngozi kavu, akaniambia nikae. Siku nzima alipiga kasia akiwa amekaa kwenye maji yaliyotuama chini ya mtumbwi, ili mimi nikae pakavu. Watu wa namna hiyo wapo.

Nilipompokea Ketu mikononi nilishtuka. Mtoto wa mwaka mzima alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Shingo yake ilinuka matapishi yaliyochacha ambayo yalikuwa yameingia kwenye mikunjo ya ngozi na hayatoki. Torgas alikuwa anakula. Alikula kutoka katika bakuli lenye mguu, lile jekundu lenye madoa meupe, ambalo sisi hulitoa siku ya kwanza ya mavuno na siku ya harusi tu. Mafuta ya kondoo yalimtiririka mpaka kwenye kiwiko, naye akayalamba kutoka kiwiko kupanda juu.

"Karibu, mama mkwe," alisema mdomo umejaa. "Umekuja kututembelea au kutuhesabia tonge?"

"Nimekuja kumwona mtoto."

"Huyo hapo. Hajaliwa na mbweha."

Basi kulipopambazuka nilikishusha kile chungu nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Kila mwanamke wa kwetu huandika chungu chake kwa kucha. Unabana udongo mbichi kwa kidole gumba na cha shahada, safu kwa safu, mpaka tumbo zima la chungu linakuwa kama shamba la masuke. Kucha za mtu hazifanani na za mwingine. Aruni alipondwa kidole gumba na jiwe la kusagia akiwa mdogo, na ukucha wake ukaota umepasuka katikati, kwa hiyo kila alipobana aliacha mistari miwili upande mmoja. Hata leo ukinipa kigae cha Aruni usiku nitakitambua kwa kukipapasa.

Mistari miwili ilikuwapo. Nilipumua. Kisha nikakiinua, nikachungulia kitako.

Kitako cha chungu cha Aruni kilikuwa na alama ya mkeka, mkeka wangu mimi, wenye fundo katikati, kwa sababu tulikifinyangia juu yake. Kitako hiki kilikuwa laini.

Hakikuwa chungu cha Aruni. Mtu alikuwa amefinyanga kingine na kuiga kucha za mwanangu. Nilihisi uchafu, kama mtu aliyegundua kwamba nguo ya marehemu imevaliwa na mgeni aliyejibandika pia sura yake.

Vensi aliamka akanikuta nimekishika. Ni msichana mrefu mwenye mabega mapana ya wapiga kasia. Alikichukua kwa heshima, kwa mikono miwili, akakitundika tena, akachochea moto. Maziwa yalipopata joto alikishusha kando yake, akamweka Ketu mapajani, akaanza kumnywesha kwa kijiko cha mfupa. Kijiko nilikijua. Kilikuwa na alama za meno mawili ya Aruni ya utotoni, maana mimi nilimlisha nacho. Mtoto alikunywa huku kidole chake kimoja kinatembea juu ya mistari ya chungu, kinapanda na kushuka. Kijiko kimoja, viwili, vitano. Nikaanza kufurahi. Kisha macho yake yakajaa maji, akajikunja, na yote yakarudi: mabonge meupe yaliyokatika, yenye utando wa njano juu yake unaong'aa. Yalimwagikia mkononi mwangu. Utando ule ulinata kama kamasi.

"Kila siku hivi?" niliuliza.

"Kila siku, mama."

"Umeyaonja haya maziwa?"

Vensi alinitazama kana kwamba nimemwambia alambe sakafu. "Mimi? Hapana, mama. Kwetu hatunywi hayo. Ni jasho la mnyama. Likinipita puani tu tumbo linageuka."

"Unampa mtoto kitu usichokionja?"

"Nilijua ndivyo yanavyonuka! Si yananuka vibaya siku zote?"

Nilichovya kijiko nikaonja. Nimeishi miaka mingi, nimekula nyama ya majira ya njaa, nimekunywa maji ya mto yenye ng'ombe mfu. Lakini kile kilinikaa kooni. Kilikuwa kambare. Kambare wa juzi na wa mwezi uliopita, mafuta yake yameoza ndani ya ukuta wa chungu na kutoka kidogo kidogo na joto, yakiingia kwenye maziwa matamu ya mbuzi. Nilikimbilia nje, nikatema, nikatema tena, nikasugua ulimi kwa majani.

Nikiwa nimeinama huko ndipo upepo uliponiletea harufu ya pili, mbaya kuliko ya kwanza. Niliifuata. Nyuma ya zizi, kwenye kivuli, Torgas alikuwa ameloweka ngozi zake. Sote tunajua ngozi zinavyolainishwa, kwa mkojo na ubongo uliopondwa, na si kazi ya kudharau. Lakini inafanywa mbali, katika shimo lililosiribwa udongo. Torgas alikuwa mvivu wa kuchimba shimo. Ngozi ya ndama ilikuwa imesokomezwa kwenye chungu, manyoya yamechomoza mdomoni, povu la kijivu limeshuka ubavuni mpaka kwenye safu za masuke, na nzi walikuwa wametua kwenye mistari miwili ya ukucha wa mwanangu. Nilikigusa chini. Alama ya mkeka. Fundo katikati.

Nilikaa chini palepale kando yake.

Torgas alitoka akijikuna kifua. "Umekiona. Basi usianze, mama mkwe."

"Chungu cha kunyonyeshea mwanao. Umekikojolea."

"Vyungu vyote vya nyumba hii vinavuja. Hicho hakivuji. Nifanyeje, nikojoe kwenye kikapu?" Alicheka mwenyewe. "Nikamwambia Vensi afinyange kingine. Amefinyanga, tena kinafanana, hata wewe umelala chini yake hukujua. Chungu ni udongo."

"Kilitakiwa kikae mpaka mtoto akamilishe meno. Kisha kivunjwe juu ya kaburi la mama yake. Unajua hilo."

"Meno anayo manne."

"Mtoto anakufa, Torgas."

"Watoto wanatapika." Alipiga nzi shingoni. "Sikiliza. Kama unamtaka mchukue. Kazi itampungua Vensi. Nitakuongeza na ngozi moja, hiyo ya ndama ikiwa tayari."

Alisema hivyo huku akichokoa jino kwa ukucha, na kilichotoka jinoni akakitazama, akakirudisha mdomoni. Mimi nina desturi ya kutafuta wema kwa kila mtu, hata kama ni wa kukwangua. Asubuhi ile nilikwangua nikafika chini, sikupata kitu.

Nilirudi ndani nimeamua. Nilichukua ngozi ya kubebea nikaanza kumfunga Ketu mgongoni. Mbeba chumvi alikuwa bado yuko gatini. Jua likiwa kichwani tungekuwa tumeondoka. Na kwa kuwa hasira ilikuwa imenijaa na mwenye kuistahili alikuwa mgumu mno wa moyo, nilimtapikia yule aliyekuwa karibu.

"Na wewe," nilimwambia Vensi, "mwizi wa kucha za marehemu. Ulichukua tete lililopasuliwa ncha ukamwigiza mwanangu ili mimi mzee nidanganyike. Huna haya? Mnakula konokono huko kwenu, na haya pia mmekula?"

Lakini Ketu alianza kulia, kile kilio cha mtoto asiye na nguvu, kama mlango unaosuguana. Alinyoosha mkono juu ya bega langu, akafunguafungua kiganja. Vensi alimpa mkono wake bila kufikiri, kama mtu anayempa mtoto kitu kila siku, na Ketu akakishika kidole gumba. Kilikuwa kimefungwa jani na uzi wa mmea. Mtoto aliliondoa jani kwa mazoea, akaanza kupitisha kidole chake juu ya ukucha, akanyamaza.

Ukucha wa Vensi ulikuwa umepasuliwa katikati mpaka kwenye nyama. Ulikuwa mweusi pembeni, na usaha umekauka.

"Nani amekufanya hivi?"

"Mimi mwenyewe." Alisema polepole. "Baba yake alipochukua chungu, mtoto alikataa kunywa. Nikampa bakuli, akakataa. Nikampa kikombe chenye mdomo, akakataa. Anatafuta kwa kidole, mama. Akikosa ile mistari analia. Nikafinyanga, nikajaribu na tete kweli, ulivyosema. Akapapasa, akakisukuma. Hakudanganyika. Basi nikachukua kijembe cha jiwe la gumegume, nikapasua."

Nilijiona mimi ndiye ninayenuka.

"Kisha ukakiziba na nini hicho chungu?" niliuliza, ingawa nilishaonja jibu.

"Mafuta ya kambare. Mara tatu, polepole. Mama yangu alinifundisha hivyo." Alinitazama. "Si ndivyo?"

Kwao hakuna mbuzi. Kwao chungu kinapika samaki, na samaki ndiye anayekiziba. Katika nyumba ile yote hakuna aliyemwambia hata neno moja.

"Kwa samaki ndivyo," nilisema. "Mama yako hakukosea."

Nilimfungua Ketu mgongoni.

Nilimweleza Vensi jambo ambalo mama yangu alinieleza mimi: chungu hakisahau kitu isipokuwa mbele ya moto. Ukikirudisha katika shimo la kuchomea kikaungua upya, moto unakula kila kilichonywewa na ukuta wake, na kinatoka mjinga kama siku kilipozaliwa. Lakini chungu kinachochomwa mara ya pili huweza kupasuka. Na kikipasuka, kingine huhitaji nusu ya mwezi kukauka kabla ya kuchomwa. Nilimtazama mtoto. Nusu ya mwezi hakuwa nayo.

"Tufanye," alisema Vensi.

Nilimwendea mbeba chumvi nikamwambia asiningoje. Alinitazama mikono, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. "Bibi, nitapita tena siku ya tisa. Tafadhali uoge kwanza." Kisha akaniachia bonge la chumvi ili nisugulie vidole.

Chungu cha Aruni nilikibeba mwenyewe. Ngozi ya ndama niliitoa kwa kijiti. Ule mchuzi wa mkojo na ubongo niliumwaga palepale kwenye gogo ambalo Torgas hukalia jioni, nikahakikisha umeingia vizuri kwenye nyufa. Sijutii. Kisha nikakivunja kwa jiwe, mara moja, maana chungu kilichokojolewa hakirudi kwenye mdomo wa mtoto hata moto ukikisafisha. Na vigae navyo vilipaswa kupita motoni, kwa sababu nisingeweza kumpelekea mwanangu kitu kinachonuka hivyo juu ya kifua chake. Vigae vyake tulivipanga shimoni pamoja na chungu cha Vensi, tukafunika kwa mavi makavu na matete, tukawasha.

Moshi wa kwanza ulikuwa wa kutisha. Mkojo, ubongo, samaki, vyote vilitoka kwa pamoja, moshi wa njano wenye mafuta ulionata kwenye nywele. Majirani walifunga milango. Vensi alitapika nyuma ya ua, nami nikamshika paji la uso. Torgas alikuja mbio.

"Chungu changu cha ngozi kiko wapi?"

"Ninakipika," nilimwambia. "Ukiwa na njaa subiri."

"Wewe mama umechanganyikiwa! Na ngozi?"

"Iko kwenye majani. Chimba shimo."

Alifungua mdomo, moshi ukamwingia, akaondoka akikohoa. Kwa hiyo nasema hapa, kwa haki, kwamba wema wake nilioupata ni huo mmoja: hakutuzuia.

Mchana, nikimlisha Ketu uji mwepesi wa ngano, shimo lilitoa sauti. Pah! Kitu kimepasuka. Vensi alisimama. Nilimshika mkono, maana ukifunua moto mapema unaua hata kilichopona. Tulikaa hivyo mpaka jua likashuka, na kesho yake asubuhi ndipo tulipofunua jivu. Kilichopasuka kilikuwa kigae kimoja cha Aruni, kikawa viwili. Chungu cha Vensi kilikuwa kizima, chekundu, na ufa mdogo mdomoni usiofika mbali. Nilikiweka puani. Kilinuka moto tu. Vigae navyo vilinuka moto tu.

Vigae tulimpelekea Aruni tukavitandaza juu yake, kabla ya wakati wake, na meno ya mtoto yakiwa manne. Nilimwomba mwanangu anisamehe. Vensi alisimama nyuma yangu na mtoto, hakujua maneno yetu, akakaa kimya kama yule anayeyajua.

Kisha tukakamua mbuzi, tukachemsha, polepole. Mara ya kwanza chungu kilitoka jasho: tsss, tsss. Mara ya pili kidogo. Mara ya tatu meko yakakaa kimya.

"Sasa onja," nilimwambia Vensi.

"Mama, kwa uhai wako."

"Mtoto hapewi kisichoonjwa."

Alikunja uso kama anayeng'olewa jino. Alifunga macho, akaweka kijiko mdomoni, akameza, mwili mzima ukamtetemeka mpaka visigino.

"Je?"

"Yanachukiza," alisema, machozi yakimtoka. "Lakini si kambare."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Ketu alikunywa vijiko vitano, kidole chake kikitembea juu ya mistari miwili. Tukangoja. Alicheua. Tukangoja tena. Akalala, na maziwa yakabaki ndani yake.

Siku nane nilizobaki nilikaa nikimtazama anavyorudi, kwanza mashavu, kisha kelele. Kidole cha Vensi nilikipaka nta na asali, nacho kikaanza kupona, ingawa ukucha utaota umepasuka milele. Nilifikiri sana juu ya kumchukua mtoto. Torgas aliniuliza mara mbili, mara ya pili akiongeza ngozi ya kondoo. Nilimwambia ajifunike nayo mdomo. Mimi ni mzee. Mtoto huyu ameshampoteza mama mmoja, na nikimpeleka kwangu atampoteza wa pili, kisha baridi mbili tatu zijazo, nikifa mimi, wa tatu. Anashika kidole cha Vensi anapolala. Hilo lilinitosha.

Siku ya tisa mbeba chumvi alifika. Alininusa kwa mbali, akatikisa kichwa kuridhika, akanitandikia ngozi kavu. Vensi alikuja mpaka majini na Ketu kiunoni. Torgas hakuja, alikuwa kwenye shimo la ngozi alilochimba hatimaye, na upepo ulituambia yuko wapi.

"Mama," alisema Vensi, ameshika ukingo wa mtumbwi usiondoke. "Uje tena. Uje kabla ya theluji, tafadhali. Mimi bado naonja nikiwa nimeziba pua."